Shajara ya mradi: bisfenoli A, liraglutaidi na panya arobaini

13 Januari 2025

Kibali cha maadili ya wanyama kimetoka leo asubuhi. Nimekisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi, kisha nikaja moja kwa moja kufungua daftari hili.

Tunachouliza ni hiki. Panya akilishwa bisfenoli A, kemikali ya plastiki, hadi mwili wake ukashindwa kuitawala sukari vizuri, je, liraglutaidi, dawa ya sindano ya kisukari, inaweza kumkinga? Na ikimkinga, ni dawa yenyewe inayotengeneza mambo kwenye kongosho na ini, au ni kwa sababu tu dawa hiyo humfanya ale kidogo? Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyotuchukua miezi minne ya kubishana na profesa. Mtu akipungua uzito, sukari yake mara nyingi hutulia, awe amekula plastiki au hajala. Tukiisahau hoja hiyo tutakuwa tumegundua kwamba kula kidogo kunasaidia, jambo ambalo bibi zetu walilijua.

Niandike kidogo kuhusu kemikali yenyewe, ili anayefuatilia daftari hili asipotee. Bisfenoli A ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1891 na mkemia Mrusi, Aleksandr Dianin. Miaka ya 1930, Charles Dodds wa London aliijaribu akaona inaiga homoni ya estrojeni. Haikuwa dawa, lakini miaka ya 1950 viwanda viliirudia na kuanza kuundia polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na epoksi inayopakwa ndani ya makopo ya chakula. Kwa hiyo kabla haijawa chombo cha mezani, tayari ilikuwa imeandikwa kwamba inafanya kazi kama homoni. Kila nikilikumbuka hilo nakasirika upya.

17 Januari

Makundi matano, panya wanane kila kundi, wawili wawili kwa kizimba.

La kwanza linapata mafuta matupu, yaani yasiyochanganywa bisfenoli, na sindano ya maji ya chumvi. La pili bisfenoli na maji ya chumvi. La tatu bisfenoli na dawa. La nne bisfenoli na maji ya chumvi, ila chakula chake kinapimwa kilingane na kile kilicholiwa na kundi la tatu. La tano mafuta matupu na dawa. Wiki nane za bisfenoli, dawa ikiingia katika nne za mwisho.

Kundi la nne ndilo roho ya mradi. Nimelipa jina la kundi la mlo sawa. Kama la tatu na la nne watatoka sawasawa, basi kinga yote ni njaa. Kama la tatu watakuwa na hali nzuri zaidi, hapo ndipo tutakuwa na neno la kusema kuhusu dawa.

22 Januari

Leo siku nzima imekwenda kwenye vizimba, na ninaona haja ya kuieleza siku hii kwa kirefu.

Banda letu la panya lina vizimba vya polikaboneti vya zamani. Vimeoshwa na kupitishwa kwenye mashine ya mvuke miaka kwa miaka, vingine vimeshakuwa na ukungu na rangi ya manjano. Ukungu huo maana yake uso wa plastiki umeliwa, na plastiki iliyoliwa na joto au sabuni kali huachia bisfenoli. Mwaka 1998 huko Cleveland, Marekani, Patricia Hunt alikuwa akichunguza mayai ya panya wadogo ghafla akaona kasoro zimeruka kutoka asilimia 1 au 2 hadi 40, bila yeye kuwapa chochote. Alipofuatilia akakuta vizimba na chupa za maji zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni isiyofaa. Ilimchukua hadi 2003 kuchapisha, maana alirudia kila kitu akiharibu vizimba kwa makusudi ili ahakikishe.

Tena si yeye peke yake. Katika utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani uliochapishwa mwaka 2014, panya wa ulinganisho, wale ambao hawakutakiwa kupata bisfenoli hata chembe, walikutwa nayo kwenye damu kwa kiwango kinachokaribia cha wale waliopewa dozi ya chini kabisa. Hao ni watu wenye fedha na mitambo. Sisi tutasalimika vipi?

Nilimweleza mzee wetu wa banda. Nilitegemea atakataa, kwa sababu kubadili vizimba ni kazi yake kuongezeka. Alivitazama vile vya manjano, akasema, "Mwanangu, kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunawalisha sisi wenyewe?" Sikuwa na la kumjibu. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba ghala lina vizimba vya polipropilini vilivyoletwa zamani vikawekwa kando kwa sababu havipitishi mwanga vizuri, kazi ya kumchungulia panya inakuwa ngumu. Polipropilini haiundwi kwa bisfenoli. Tumevitoa vyote, tumeviosha kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Chupa za maji zitakuwa za kioo na mirija ya chuma cha pua.

Mtu mmoja alipendekeza tuazime vizimba vya polisalfoni, vinavyovumilia mvuke vizuri. Nilitaka kukubali, kisha nikasoma kemia yake: nayo huundwa kutokana na bisfenoli A. Inashikilia viungo vyake kuliko polikaboneti, lakini sitaki hata mlango mdogo uachwe wazi.

24 Januari

Chakula. Vidonge vya kawaida vina soya, na soya ina jenisteini, kemikali ya mmea inayoshika vipokezi vya estrojeni. Nikiiacha nitakuwa na estrojeni bandia ya plastiki juu ya estrojeni ya maharage, na sitajua ipi imefanya nini. Msagaji amekubali kututengenezea mzigo mmoja wa kutosha mradi mzima: mahindi, pumba, dagaa, mashudu ya alizeti, bila soya. Mzigo mmoja, siyo miwili, ili makundi yote yale kitu kilekile.

Matandiko: maranda ya mbao. Mabunzi ya mahindi yaliyosagwa yamekataliwa, nayo yana kemikali zinazogusa homoni za panya.

Dokezo kwa wote waingiao chumba cha mizani: karatasi za risiti nyingi za mashine hupakwa bisfenoli A au ndugu yake bisfenoli S. Risiti ya chakula cha panya nilikuwa nimeiweka mfuko wa koti la maabara, mkono huohuo nikataka kushika chupa ya mafuta. Risiti zibaki ofisini. Na aliyeshika risiti anawe kwa maji na sabuni. Vitakasa mikono hufungua ngozi na kuirahisishia kemikali kupenya.

2 Februari

Jumapili, nilikwenda Temeke kumwona mama mkubwa. Ana sukari kwa miaka tisa sasa na bado anauza uji na chai alfajiri. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza kazi yangu ya panya imefikia wapi, nikamwambia. Akatazama vyombo na mifuko yake ya plastiki. "Kwa hiyo haya ndiyo yaliyonipa sukari?"

Nilimjibu kwa uangalifu, na nataka jibu hilo liwe kwenye kumbukumbu. Hapana, sijui mtu yeyote anayeweza kusema hivyo kuhusu mtu mmoja. Mfuko wa nailoni wa kawaida hauundwi kwa bisfenoli. Mahali pa kuitazama ni kwenye plastiki ngumu angavu kama baadhi ya madumu makubwa ya maji ya kupozea, makopo na risiti. Mwaka 2008 huko Marekani watu wazima 1,455 walipimwa mkojo, na waliokuwa na bisfenoli nyingi walionekana zaidi kuwa na kisukari na maradhi ya moyo. Lakini kipimo cha siku moja hakisemi nani alimsababisha nani, hasa kwa kemikali ambayo mwili huitoa ndani ya saa chache. Mwenye kisukari huenda anakula vya kopo zaidi. Ndiyo maana tunahitaji panya, na ndiyo maana tunahitaji panya waliotunzwa vizuri.

Marufuku ya mifuko ya plastiki Tanzania ya Juni 2019 ilikuja kwa ajili ya mitaro, mifugo na bahari. Upande huu wa homoni sijaona sheria yetu ya namna hiyo. Ulaya wamekwishaipiga marufuku bisfenoli A kwenye vyombo vinavyogusa chakula, kanuni yao imeanza Januari 2025.

5 Februari

Dozi. Tumefika kwenye mikrogramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Hicho ndicho kiwango ambacho mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikiweka mwaka 1988 kuwa mtu anaweza kukipokea kila siku maisha yake yote. Walichukua dozi ya chini iliyodhuru wanyama, miligramu 50, wakaigawa kwa 1,000. Aprili 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikashusha kiwango chake hadi nanogramu 0.2, mara 20,000 chini ya kile walichokuwa wamekiweka 2015. Taasisi ya Ujerumani ikawapinga, ikasema nanogramu 200. Wataalamu waliosoma karatasi zilezile wametofautiana mara elfu.

Mwenzangu anataka dozi kubwa zaidi ili athari ionekane wazi. Nimekataa. Bisfenoli haiendi kwa mstari ulionyooka. Dozi ndogo inaweza kugusa kitu ambacho dozi kubwa inakiruka, kama baadhi ya homoni. Mwaka 2006 kundi la Ángel Nadal huko Hispania liliwapa panya wadogo mikrogramu 100 kwa kilo kwa siku nne tu, kongosho zikaongeza insulini na miili ikaanza kuikaidi. Siku nne! Hatuna sababu ya kumwaga ndoo.

Hesabu ya leo: dozi itachanganywa kwenye mafuta ya alizeti, mililita 1 kwa kilo. Mwanzoni tulipanga mililita 5, lakini panya wa gramu 250 angekuwa anapata karibu kilokalori 10 za mafuta kila siku, na hiyo ni sehemu kubwa ya mlo wake. Sasa anapata kama 2.

11 Februari

Majaribio ya awali, panya sita walio nje ya mradi.

Tulitaka kuepuka kumwingiza panya mrija kooni kila siku, kwa sababu hofu yenyewe hupandisha sukari. Tukawafundisha kulamba mafuta kwenye bomba dogo la kioo. Siku ya tatu walikuwa wanakuja wenyewe mlangoni. Nilifurahi sana. Kisha tukawapa watatu kati yao liraglutaidi, na jioni hiyohiyo walikataa kulamba. Wamegeuza pua. Dawa ya kukata hamu ya kula imekata hamu ya kulamba pia, na dozi ya sumu ikabaki kwenye bomba.

Kama tungegundua haya wiki ya tano ya mradi wenyewe, kundi la dawa lingekuwa limepata bisfenoli kidogo kuliko wenzao, nasi tungeshangilia kwamba dawa imewakinga. Profesa alikaa kimya muda mrefu niliposema hivyo. Tumerudi kwenye mrija wa kulishia kwa makundi yote tangu siku ya kwanza, na kila panya atazoeshwa kushikwa kwa wiki nzima kabla.

Jambo la pili: dozi kamili kwa mkupuo iliwafanya wasile kabisa siku ya kwanza. Tutapanda ngazi kama wanavyofanyiwa wagonjwa: miligramu 0.05 kwa kilo, kisha 0.1, kisha 0.2, asubuhi na jioni.

13 Februari

Kalamu moja ya sindano yenye dawa imeganda. Mtu aliisogeza nyuma kabisa ya friji, ikagusa ukuta wa barafu. Ilipoyeyuka ilionekana safi kama maji, lakini maelekezo ya dawa hii hayana utata: iliyoganda haitumiki. Nimeitupa. Bei yake ni zaidi ya posho yangu ya wiki. Tumeweka kipimajoto ndani na kamba ya kuzuia chochote kisisogee nyuma. Nyuzi 2 hadi 8, basi.

17 Februari

Siku ya kwanza ya bisfenoli. Panya arobaini, uzito wote umeandikwa, hakuna aliyejeruhiwa.

3 Machi

Kimya chema. Ramadhani imeanza. Nimepata muda wa kuandika kwa nini nadhani jambo hili linaweza kufanya kazi, na kwa nini linaweza kushindwa.

Liraglutaidi ni peptidi, mnyororo wa asidi amino unaofanana kwa asilimia 97 na GLP-1, homoni ambayo utumbo huitoa tukila. GLP-1 ya asili haidumu. Kimeng'enya cha DPP-4 huikata ndani ya dakika mbili hivi. Lotte Bjerre Knudsen na wenzake huko Denmark waliipachika mkia wa asidi ya mafuta wenye kaboni 16, mkia huo ukaning'inia kwenye albumini, protini ya damu, na dawa ikadumu kwa binadamu nusu-maisha ya saa 13. Kwa panya hutoka haraka zaidi, ndiyo maana tunachoma mara mbili.

Sasa seli ya beta ya kongosho, ile inayotengeneza insulini. Bisfenoli A hushika vipokezi vya estrojeni vilivyomo ndani yake, hupunguza kazi ya milango ya potasiamu, na seli inamwaga insulini kama vile sukari imepanda kumbe haijapanda. Insulini ikiwa nyingi muda wote, misuli na ini huzoea kuipuuza. Liraglutaidi nayo huisukuma seli hiyohiyo itoe insulini! Hapo ndipo nilipokwama kwa wiki kadhaa mwaka jana: tunamtibu aliyechoshwa na kazi kwa kumwongezea kazi?

Tofauti iko kwenye saa ya kusukuma. GLP-1 hupandisha AMP duara, mjumbe wa kemikali ndani ya seli, lakini insulini hutoka tu sukari ikiwa juu. Ikishuka, msukumo unalegea. Bisfenoli hupiga kengele usiku wa manane. Liraglutaidi huipiga wakati wa mlo. Zaidi ya hapo, tafiti za panya zimeonyesha dawa hii hupunguza kufa kwa seli za beta, na kwa binadamu, jaribio la Uingereza la mwaka 2016 lililohusu watu 52 wenye ini lenye mafuta na uvimbe lilikuta asilimia 39 ya waliotumia liraglutaidi wametulia ini, dhidi ya 9 ya wasioitumia. Ila nao walipungua uzito. Kila njia inanirudisha kwenye kundi la mlo sawa.

17 Machi

Dawa imeanza. Kalamu ina miligramu 6 kwa mililita. Tunaipunguza mara 30 iwe 0.2, ili mililita 1 kwa kilo itoe dozi kamili ya mwisho. Tunachanganya kila asubuhi, hatuhifadhi. Peptidi ikiwa hafifu hung'ang'ania kuta za chombo na dozi inapungua bila kuonekana. Vichupa vya kuchanganyia ni vya polipropilini visivyonasa protini.

Mimi sijui nani yuko kundi gani. Mwenzangu anajaza mabomba ya sindano na kuyaandika namba ya kizimba tu. Orodha iko kwenye bahasha katika droo ya profesa, na nakala anayo mzee wa banda kwa sababu yeye ndiye mpimaji wa chakula.

Panya hula usiku, kwa hiyo sindano ya jioni lazima iingie kabla taa hazijazimwa saa moja. Ni saa ya futari kabisa. Mwenzangu Mkristo aliniambia, "Nenda kafuturu ndugu yangu, safu ya kwanza niachie mimi." Nimekunywa maji na tende mbili kwenye ngazi, nikarudi kwa safu ya pili.

24 Machi

Mzee ameniita. Panya wa mlo uliopunguzwa, alisema bila kutaja vizimba, wanakula fungu lao lote ndani ya saa mbili kisha wanakaa njaa hadi kesho yake. Wenzao wanaopata dawa wanadonoa usiku kucha. Kwa kipimo cha gramu wamelingana, kwa mwendo wa mwili hawalingani hata kidogo: mmoja amefunga, mwingine hajafunga. Na mimi niliyefunga mwezi huu nilipaswa kuliona hilo kabla yake.

Kuanzia leo fungu limegawanywa mara tatu: taa zinapozimwa, saa nne usiku, na saa kumi alfajiri. Mzee amejitolea la saa nne. La saa kumi atalichukua mwenzangu, kwa sababu mimi sitakiwi kuvijua vizimba vya kundi hilo.

Nimeandika kwenye kitabu rasmi kwamba siku saba za kwanza zilikuwa na fungu moja. Hilo litaonekana kwenye ripoti.

2 Aprili

Idi ilipita nikiwa bandani nusu siku. Umeme ulikatika saa tano, jenereta ikawaka. Friji haikuvuka nyuzi 7.

Uficho, yaani mimi kutojua nani yuko kundi gani, unavuja, nalo niliseme. Ninapopima uzito naona baadhi ya vizimba vimepungua, na mtu yeyote anayeijua dawa hii atakisia. Lakini waliopungua wanaweza kuwa wa kundi la tatu, la nne au la tano, kwa hiyo kukisia kwangu hakufiki mbali. Kwa usalama, vipande vya ini vitapewa namba mpya na mtu wa nje kabla sijavitia kwenye hadubini.

14 Aprili

Kipimo cha ustahimilivu wa sukari. Njaa ya muda wa saa sita wakati wa mchana, siyo ya usiku kucha, kwa sababu usiku mzima bila chakula kwa panya ni adhabu na huvuruga ini. Glukosi gramu 2 kwa kilo, tone la damu mkiani kwa dakika 0, 15, 30, 60, 90 na 120. Tumefanya panya ishirini leo, tukichanganya vizimba kwa bahati nasibu ili asubuhi isiwe ya kundi moja na mchana wa lingine. Ishirini kesho.

Mikono inatetemeka kidogo kwa uchovu lakini stripu mbili tu za kupimia sukari zimeharibika, zote zimerudiwa ndani ya dakika moja.

15 Aprili

Ishirini wa pili wamekamilika saa kumi na nusu jioni. Damu imewekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa ajili ya insulini. Mkojo uko kwenye vichupa vya kioo. Pamoja nao nimetia vichupa vitano vya maji tu, vilivyopita mikononi mwetu njia ileile, ili mashine ituambie kama sisi wenyewe tumeingiza bisfenoli. Mkojo wa kundi la ulinganisho ukisomeka safi, tunaendelea. Usiposomeka safi, tutaanza upya, na profesa ameshasaini ukurasa huo.

Mzee amekuja na daftari lake la chakula, kurasa zote zimejaa kwa wino wa bluu, pamoja na mafungu ya saa nne usiku ya Idi. Kesho saa mbili asubuhi tunaanza na maini, kizimba namba 7 kwanza.